Jembe la Rungwe: Nani Apange Umbo la Zana?

Historia ya zana ni historia ya uhusiano kati ya mtengenezaji na mtumiaji. Uhusiano huo ukikatika, mkulima hulazimika kutii mchoro wa mtu asiyelijua shamba lake. Tulichunguze jambo hili kwa kulitazama jembe wilayani Rungwe.

Kabla ya ukoloni, Wanyakyusa walipata majembe kwa wahunzi wa Kikinga wa milima ya Livingstone, kwa kubadilishana na chakula na mifugo. Mhunzi na mkulima walikuwa majirani. Jembe baya liliweza kulalamikiwa kwa aliyelifua.

Ubeberu ulivunja ujirani huo. Majembe ya Chillington yenye alama ya mamba yalitoka Wolverhampton, Uingereza. Aliyeyafua hakumjua mkulima wa Kawetele, na bepari aliyeyauza alitafuta faida kwanza.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Taifa lilijenga kiwanda cha zana za kilimo Ubungo, Dar es Salaam, kwa msaada wa China. Baadaye kikajengwa kingine Mbeya. Hiyo ilikuwa hatua kubwa ya ukombozi. Hata hivyo, kumiliki kiwanda ni jambo moja, na sauti ya mkulima kufika kwenye meza ya mhandisi ni jambo jingine. Idadi ya majembe yaliyotengenezwa haielezi kama yanafaa. Ndiyo maana Mwongozo wa TANU wa 1971 ulitaka wananchi washiriki katika kupanga, si kutekeleza tu.

Je, sauti hiyo hupimwaje? Wajapani waliunda njia inayofaa kusomwa. Mawazo ya Yoji Akao ya mwaka 1966 yalifuatiwa na jedwali la ubora lililotumika mwaka 1972 katika karakana ya meli ya Mitsubishi, Kobe. Mahitaji ya mtumiaji huorodheshwa na kupewa uzito. Kisha kila sifa ya kiufundi hupimwa inavyoyatimiza: 9 kwa uhusiano mkubwa, 3 kwa wa kati, 1 kwa mdogo.

Tuchukue mfano. Wakulima wa Kawetele wakubaliane kwamba jembe lisivunjike (uzito 5), lisichoshe (4), na lipendeze dukani (1). Chuma kilichopashwa moto na kupozwa kwa kipimo hupata 9 kwa hitaji la kwanza, na 3 kwa la pili, kwa kuwa chuma imara huruhusu bamba jembamba. Jumla ni 45 na 12, yaani 57. Rangi hupata 9 kwa hitaji la tatu tu, jumla 9. Basi fedha chache zilizopo zianzie kwenye chuma, si kwenye rangi.

Lakini hesabu haina itikadi yake yenyewe. Aliyeulizwa ndiye huipa. Kwa desturi ya Wanyakyusa, wanaume walilima, wanawake wakapanda na kupalilia. Akiulizwa mwanamume peke yake, uzito wa jembe la palizi hautaonekana popote katika jedwali. Akiulizwa mfanyabiashara peke yake, rangi itashinda.

Hivyo basi, kazi ya kada ni kuhakikisha kwamba uzito unapangwa na wenye kushika mpini, wake kwa waume, kabla mhandisi hajashika kalamu. Chama kikiiacha kazi hiyo, soko litaifanya, kwa uzito wake lenyewe.