Maji Mapya, Samaki Wafu: Historia ya Kanuni Iliyofika Kitui na Makueni

Anayenunua tangi la kioo Nairobi na kulisafirisha hadi Kitui mjini au Wote, Makueni, mara nyingi hufanya kila kitu kwa siku moja: changarawe chini, chujio pembeni, maji, kisha samaki. Maji yanang'aa. Samaki wanachangamka siku mbili tatu. Wiki haijaisha, mmoja anapanda juu kutweta, mapezi ameyabana mwilini, na wa pili anamfuata. Mwenye tangi atamlaumu muuzaji, atalaumu chakula, atalaumu baridi ya usiku.

Muuaji haonekani kwa macho. Ni amonia, taka inayotoka kwenye matamvua ya samaki wenyewe na kwenye mabaki ya chakula yanayooza. Katika mto au bwawa la zamani kuna bakteria wanaoigeuza. Kundi la kwanza huifanya nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa na mimea huitumia kama mbolea. Tangi jipya halina makundi hayo. Yanahitaji wiki kadhaa kuota kwenye chujio na changarawe, na kazi hiyo ndiyo wafugaji huiita kukomaza maji.

Dunia ilichukua miongo kadhaa kulielewa jambo hili, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilipita mikononi mwa baba na mwanawe.

Baba alikuwa Robert Warington, mwanakemia wa Apothecaries' Hall jijini London. Mwaka 1849 aliweka maji katika chombo cha galoni 12, akatia samaki wawili wa dhahabu na mmea wa majini. Alitaka kuthibitisha kwamba mmea ukitoa oksijeni na samaki akitoa hewa ya kaboni, wawili hao wanaweza kutunzana bila maji kubadilishwa. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, kisha majani makavu yakaanza kuoza na maji yakachafuka. Warington akaongeza konokono wa majini, wakala uozo, chombo kikatulia. Alichapisha matokeo yake mwaka 1850.

Waingereza waliipokea habari hiyo kwa shangwe. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park ilifungua jumba la samaki, na mwaka uliofuata kitabu cha Philip Henry Gosse kuhusu matangi ya viumbe wa majini kikaeneza mtindo huo katika sebule za matajiri. Matangi mengi yalikufa. Maelezo ya Warington yalikuwa sahihi kwa upande wa oksijeni, ila hayakueleza lolote kuhusu kinachofanya kazi kwenye mchanga.

Jibu lilianza kuonekana Ufaransa mwaka 1877. Wanakemia Jean-Jacques Schloesing na Achille Müntz walipitisha majitaka polepole katika bomba lililojaa mchanga na chokaa. Siku za kwanza amonia ilitoka kama ilivyoingia. Baada ya siku 20 hivi, nitrati zikaanza kutokea upande wa pili. Walipoingiza mvuke wa klorofomu, kazi ilisimama kabisa. Baadaye waliongeza maji yaliyosuzwa kwenye udongo, na ikaanza tena. Hapo ikawa wazi kwamba kemia hii inafanywa na viumbe hai, viumbe hao wanahitaji muda, na wanaweza kuhamishwa kutoka mahali pamoja hadi pengine. Mfugaji wa leo anayeombea kipande cha sponji chafu kutoka kwenye chujio la rafiki yake anarudia jaribio hilo.

Mwana, naye akiitwa Robert Warington, alikuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Aliisoma kazi ya Wafaransa, akairudia kwa miaka mingi, na akaonyesha kwamba kazi hufanyika kwa hatua mbili zenye viumbe tofauti. Alishindwa tu kuwatenga. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa Zürich, ndiye aliyefaulu.

Kenya iliingia katika ufugaji wa samaki kwa mlango mwingine. Mwaka 1905 walowezi walitia trauti kutoka Uskoti katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, kwa ajili ya burudani ya kuvua kwa ndoano. Miaka ya 1920 tilapia wakaanza kufugwa mabwawani, na mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikaanzisha vituo vya Sagana na Kiganjo. Vyote viwili vilikuwa katika nchi ya mito isiyokauka, karibu na Mlima Kenya.

Ukambani hali ilikuwa tofauti. Mito mingi ya Kitui na Makueni hutiririka wakati wa mvua na kubaki mchanga mtupu kiangazi, ndiyo maana wenyeji wamejenga mabwawa ya mchanga ya kuhifadhi maji ndani ya mchanga wa mto. Samaki kwa wingi walisogea karibu baada ya Mto Tana kuzibwa: Masinga mwaka 1981, kisha Kiambere, mpakani mwa Kitui na Embu, mwaka 1988.

Ufugaji wenyewe ulipata msukumo mwaka 2009. Kupitia mpango wa kuchochea uchumi, serikali iliamua kuchimba mabwawa 200 katika kila eneo bunge kati ya maeneo 140 yaliyochaguliwa nchini, kila bwawa likiwa na mita mraba 300 na vifaranga wapatao 1,000. Penye udongo usioshika maji, bwawa lilitandikwa karatasi ya plastiki.

Maofisa wa samaki walifundisha mpangilio ambao mwenye tangi la sebuleni angenufaika nao. Bwawa hunyunyiziwa chokaa, hujazwa maji, hutiwa samadi, kisha mkulima hungoja wiki moja au mbili hadi maji yawe ya kijani. Vifaranga huja baadaye. Rangi hiyo ya kijani ni mwani, nao hufyonza amonia kabla haijarundikana, huku bakteria wakiongezeka kwenye tope. Aliyetia vifaranga katika maji meupe yaliyotoka kisimani siku hiyohiyo alikuwa akiwaingiza katika maji yasiyo na chakula cha asili, yenye oksijeni kidogo na yasiyo na ulinzi.

Mabwawa mengi ya mpango huo nchini yaliachwa ruzuku ilipokwisha, na katika maeneo makavu ukosefu wa maji ulichangia. Somo la kungoja lilibaki halali kwa aliyebaki na bwawa na kwa anayeanza na tangi la lita 60.

Kwa Kitui na Makueni somo hilo lina uzito zaidi, kwa sababu ya joto na aina ya maji. Amonia iko katika sura mbili, na ile inayoua huongezeka maji yanapopata joto na pH inapopanda. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia katika sura ya sumu kali. Yakifika pH 8, kiasi hicho hupita asilimia 5. Visima virefu katika sehemu nyingi za kaunti hizi mbili hutoa maji yenye chumvi na madini mengi, kwa hiyo kupima pH kabla ya kununua samaki si anasa. Anayetumia maji ya bomba, kama yale yanayoletwa Kitui mjini kutoka Masinga, ana jambo lingine la kuangalia: klorini inayowekwa kuua vijidudu vya maradhi huua pia bakteria wa tangi. Klorini ya kawaida hutoka yenyewe maji yakikaa wazi kwenye ndoo kwa saa 24.

Joto hilohilo lina faida. Bakteria hawa huzaana haraka zaidi katika nyuzi 25 hadi 30, hivyo tangi la Kibwezi, Makueni, halihitaji hita linalohitajika katika nchi za baridi.

Utaratibu salama ni huu. Tangi hujazwa, chujio huwashwa mchana na usiku, na badala ya samaki hutiwa chembe za chakula cha samaki kila siku zioze na kutoa amonia. Vipimo vya matone huonyesha amonia ikipanda, kisha nitriti ikipanda huku amonia ikishuka, hatimaye nitrati. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Amonia na nitriti zikisoma sufuri siku kadhaa mfululizo ilhali chakula bado kinatiwa, sehemu kubwa ya maji hubadilishwa ili kupunguza nitrati, na samaki wawili au watatu wadogo huingia. Wengine huongezwa polepole, bakteria wapate nafasi ya kuongezeka pamoja nao. Chujio lisioshwe kwa maji ya bomba. Lisuzwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini. Umeme ukipotea kwa saa nyingi, chakula kisitishwe, kwani bakteria nao hufa kwa kukosa oksijeni.

Sayansi haijamaliza kuwachunguza viumbe hawa. Mwaka 1998 mtafiti Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kwamba anayeondoa nitriti katika matangi ya maji baridi ni bakteria wa jamii ya Nitrospira, ilhali vitabu vilikuwa vimemtaja Nitrobacter kwa miongo mingi. Mwaka 2015 timu mbili za watafiti zilitangaza kwamba baadhi ya Nitrospira hufanya hatua zote mbili peke yao. Timu moja iliwapata katika chujio la ufugaji wa samaki.

Anayeanza leo Kitui au Wote asinunue tangi na samaki siku moja. Anunue tangi, chujio na vipimo kwanza. Samaki waagizwe siku amonia na nitriti zitakaposoma sufuri.