Mkalimani wa Lugha ya Ishara na Mkataba wa Serikali: Mfano wa Uganda

Wasomaji wetu wanaijua vyema ibara ya 6 ya Katiba ya Uganda, ambayo mwaka 2005 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini miaka kumi kabla ya hapo, Katiba hiyo ya 1995 ilikuwa imekwisha kuiagiza serikali ikuze lugha ya ishara ya viziwi. Katika makala haya tunajadili namna agizo hilo lilivyogeuka kuwa kazi ya watu, yaani ukalimani unaolipwa na taasisi za umma.

Kwa muda mrefu mkalimani wa kiziwi alikuwa ndugu yake. Binti alimfasiria mama yake kwa daktari. Kaka alimsemea ndugu yake polisi, hata pale alipokuwa na maslahi katika kesi. Shuleni nako hali ilikuwa ngumu. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880 uliamua kwamba viziwi wafundishwe kwa matamshi, na athari za uamuzi huo ziliendelea kuonekana karne iliyofuata. Lugha iliyodharauliwa shuleni haikuweza kutengewa fedha ofisini.

Mabadiliko yaliletwa na viziwi wenyewe, ambao waliunda chama chao cha kitaifa mwaka 1973. Mwaka 1996 Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bungeni akiwa mmoja wa wawakilishi wa watu wenye ulemavu. Ni dhahiri kwamba mbunge asiyesikia hawezi kuchangia mswada bila mkalimani. Hivyo mkalimani akawa nyenzo ya kazi ya Bunge, wala si msaada wa hisani. Baadaye Chuo Kikuu cha Kyambogo kilianza kufundisha wakalimani kwa kiwango cha stashahada, na kamusi ya Lugha ya Ishara ya Uganda ikatolewa mwaka 2006. Mwaka huohuo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilitaka ukalimani huo uendelezwe katika taasisi na hafla za umma, na televisheni ziweke mkalimani au maandishi katika angalau taarifa moja kuu ya habari kila siku. Aidha, ibara ya 28 ya Katiba inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo.

Hata hivyo, sheria haimleti mkalimani mlangoni. Mkataba ndio unaomleta. Hapa ndipo penye matatizo. Afisa ununuzi amezoea kununua viti na karatasi, na humpa zabuni mwenye bei ya chini. Ukalimani haupimwi hivyo. Katika kikao kirefu huhitajika wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 au 30, kwa kuwa akili huchoka na makosa huongezeka. Wanahitaji kupewa hotuba mapema, na wanapaswa kufungwa na kiapo cha kutunza siri. Zaidi ya yote, anayetoa mkataba kwa kawaida haijui lugha anayoinunua.

Hatari yake ilionekana dunia nzima tarehe 10 Desemba 2013, katika ibada ya kumkumbuka Nelson Mandela mjini Johannesburg. Mtu aliyekodiwa kufasiri alisimama kando ya marais akirusha mikono bila maana. Viongozi waliokuwa jukwaani hawakugundua lolote. Viziwi waligundua papo hapo. Baadaye naibu waziri mmoja alikiri kwamba kosa lilikuwa limetendeka. Iwapo hayo yalitokea mbele ya kamera za dunia, je, katika chumba cha mahakama ya wilaya, ambako kiziwi yuko peke yake, nani atagundua?

Kwa mintarafu hiyo, tunaona mambo mawili yanafaa. Kwanza, viziwi wawemo katika jopo linalowachagua na kuwapima wakalimani. Pili, idara za lugha zishirikiane na wanaofundisha ukalimani, ili hotuba ya Kiswahili nayo ipate mkalimani anayeielewa. Sisi walimu wa Kiswahili twajua jinsi lugha inavyoweza kutajwa katika Katiba kisha ikasubiri walimu na bajeti kwa miaka mingi. Kiziwi aliye kizimbani hana muda huo wa kusubiri.