Mbalizi: Kutoka Shamba hadi Kiwanja

Tumezoea kuisimulia historia ya Kanisa katika Nyanda za Juu za Kusini kwa majina ya wamisionari, miaka ya kufunguliwa misheni na hesabu ya waliobatizwa. Ardhi yenyewe hutajwa kwa nadra, kana kwamba haina historia. Katika makala hii twakusudia kuieleza historia ya ardhi ya Mbalizi, magharibi ya Mbeya mjini, na kuuliza nani alipata na nani alipoteza mashamba yake yalipogeuka viwanja vya nyumba.

Kwanza, tusidhani kwamba zamani palikuwa na utulivu. Nchi hii ni ya Wasafwa. Katika karne ya 19 Wasangu wa Merere, wakisukumwa na Wahehe, waliingia Usafwa na kujenga boma lao la mawe Utengule, juu ya Mbalizi. Wajerumani walipoiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa, mwaka 1894, Wasangu walifunguliwa njia ya kurudi kwao Usangu. Wamoraviani walifungua misheni Utengule mwaka 1895. Mwaka huohuo serikali ya Kijerumani ilitangaza kuwa ardhi yote iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe ni mali ya Dola. Baadaye mashamba makubwa ya kahawa yalianzishwa karibu na Utengule. Hivyo ardhi ilibadilisha mabwana mara nyingi, walakini iliendelea kulimwa. Aliyeshinda na aliyeshindwa wote walikula mahindi na maharage yake.

Badiliko la namna nyingine lilikuja kwa njia ya barabara. Mji wa Mbeya ulianza katika miaka ya 1920, wakati wa dhahabu ya Lupa, ukabaki mdogo kwa miaka mingi. Lakini walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, barabara kuu ikatiwa lami, na reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Mbeya, uliokuwa na watu wapatao 12,000 mwaka 1967, ulikuwa na watu wapatao 76,000 mwaka 1978.

Mji huu umebanwa na milima, hivyo ulitambaa kando ya barabara kuu, mashariki hata Uyole na magharibi kuelekea Mbalizi. Hapo Mbalizi barabara ya Umalila, ipitayo Shigamba, hukutana na barabara kuu, na viazi na pareto vya milimani hushukia hapo. Aidha kiwanda cha saruji cha Songwe kilileta ajira, na mwaka 2012 kikafuata kiwanja cha ndege cha Songwe. Katika sensa ya mwaka 2022 Jiji la Mbeya lilikuwa na watu 541,603, na Mbalizi, ingawa i nje ya mipaka ya Jiji, imekuwa mji mdogo wenye mamlaka yake.

Yafaa kuangalia jinsi shamba linavyogeuka kiwanja. Serikali itwaapo ardhi kwa shughuli ya umma, sheria yadai fidia, na tendo lenyewe huonekana na watu wote. Lakini sehemu kubwa ya vitongoji vyetu haikuzaliwa hivyo. Mzee humega kipande ili alipe ada ya shule au gharama za hospitali. Mwaka unaofuata humega kingine. Karatasi huandikwa kwa mkono, mashahidi hutia sahihi, fedha huisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yakataa mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Hata hivyo mara nyingi mama anayelima shamba hilo hupata habari baada ya mauzo. Hakuna Ahabu wala mashahidi wa uongo, na kwa hiyo mahubiri yetu juu ya shamba la Nabothi hayamgusi mtu.

Twashauri tusome tena Mambo ya Walawi 25:29-31. Torati yatofautisha nyumba iliyo ndani ya mji wenye ukuta na nyumba ya kijiji kisicho na ukuta. Ya kwanza, isipokombolewa katika mwaka mmoja, ni ya mnunuzi daima, wala Yubile hairudishi. Ya pili huhesabiwa pamoja na mashamba, nayo hurudi kwa mwenyewe. Mwandishi wa Torati alijua kwamba mji ukishaijumlisha ardhi, mlango wa kurudi umefungwa. Mbalizi imevuka kutoka aya ya 31 kwenda aya ya 30, na waliovushwa wengi hawakuambiwa.

Kazi ya mchungaji, basi, huanza kabla ya mauzo. Tunafundisha ndoa na ubatizo. Hatuna budi kufundisha urithi pia, na kuwaita mke na watoto waketi mezani kabla karatasi haijaandikwa. Tena Kanisa lenyewe ni mnunuzi. Kila usharika unaotafuta kiwanja katika vitongoji hivi unanunua shamba la mtu. Yatupasa kuuliza ni la nani, ni nani alilima humo, na kama naye amekubali, kisha tuyaandike majibu hayo katika kitabu cha usharika pamoja na majina ya waliobatizwa.