Damu ya Babu

Babu yangu mzaa baba alifariki Msanzi mwaka 1987, mwezi wa sita, wakati baridi ya Ufipa inapopenya hata blanketi mbili. Sikumkuta. Ninayoyajua nimeyapata kwa shangazi: babu alirudi shamba akilalamika kizunguzungu, akala ugali wa ulezi na maharage aliyopika mke wake mdogo, kisha akatapika damu beseni zima. Alfajiri alikuwa ameshakata roho. Kabla ya arobaini, ukoo ulikuwa umeshatoa hukumu: bibi mdogo kamlisha sumu. Akafunga mzigo wake, akaondoka na mtoto mgongoni.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia. Nilipochagua kuandika kuhusu wasaka wachawi wa kusini-magharibi mwa Tanzania, sikumwambia msimamizi wangu kwamba nilikuwa namtafuta bibi mdogo.

Mji wetu wenyewe, Sumbawanga, husemwa kuwa maana yake ni "tupa uchawi". Katika miaka ya 1930, ng'ambo ya mpaka kwa Wabemba, walipita vijana walioitwa Bamucapi. Waliwapanga watu mstari, wakawatazama katika vioo vidogo, na aliyeshukiwa akatakiwa kusalimisha pembe zake. Mwanaanthropolojia Audrey Richards alizichunguza pembe zilizotupwa, akakuta nyingi ni vyombo vya dawa za kawaida. Miaka ya 1963 na 1964 harakati ya namna hiyo, Kamcape, ilifika Ufipa, na Roy Willis akaiandika. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilikuwepo wakati wote huo. Lakini sheria inaweza kumkataza mtu kumwita mwenzake mchawi. Haiwezi kumweleza kwa nini baba yake ametapika damu.

Maelezo niliyapata siku shangazi aliporudia kisa kwa mara ya tatu, akaongeza jambo ambalo hakuwahi kuliona kuwa na uzito. Wiki nzima kabla ya kifo, babu alimlalamikia kaka yake kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami, kinanata, na kinanuka vibaya kuliko kawaida.

Nilikaa kimya. Damu inayovuja tumboni au kwenye utumbo wa juu husagwa njiani na kutoka ikiwa nyeusi. Maana yake babu alikuwa akivuja damu siku nyingi kabla ya chakula kile kupikwa.

Ilitoka wapi? Siwezi kumpima marehemu. Huenda ni kidonda cha tumbo. Wakati ule wengi waliamini vidonda huletwa na mawazo na pilipili, ingawa Barry Marshall na Robin Warren walikuwa wameshamtambua bakteria anayesababisha vingi kati yake. Tuzo ya Nobel waliipata 2005. Huenda ni kichocho. Babu alivua samaki Kasanga miaka mingi, na Ziwa Tanganyika lina kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo hukwama kwenye ini, damu inakosa njia, mishipa ya koromeo inavimba, na siku moja inapasuka. Kinachouma ni kwamba kwa wagonjwa wengi wa namna hiyo ini lenyewe bado linafanya kazi. Damu ikizuiwa, mtu anaweza kuishi miaka.

Mwaka jana baba mdogo, aliyekuwa akimeza dawa za maumivu ya goti kila siku, alitaja choo cheusi kwenye simu, kama mzaha. Nilimuuliza kama anatumia vidonge vya madini ya chuma, maana navyo huleta weusi. Hapana. Anasikia kizunguzungu akisimama? Ndiyo. Nikamwambia aache zile dawa, asisubiri kesho, asiende peke yake. Alipofika hospitali Sumbawanga aliwekewa dripu, akaongezwa damu chupa mbili, akapewa dawa ya kupunguza asidi, na baadaye akapitishwa kamera tumboni. Kilikuwa kidonda. Mke wake, aliyempikia siku hiyo, alikuwa amekaa kando ya kitanda. Hakuna aliyemtazama kwa jicho baya.

Bibi mdogo nilimpata Matai, mzee wa miaka sabini na kitu, akianika maharage. Nilipiga magoti, nikapiga makofi taratibu kama tulivyofundishwa, nikamweleza yote: choo cheusi, kichocho, kidonda. Alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Mimi nilijua sikumuua, mjukuu wangu," alisema. "Hilo hukuhitaji kuja kuniambia. Shangazi yako umemwambia?"

Nikasema bado.

"Basi anzia huko."