Sugu ya mguu na moto wa Sushruta

Aliyewahi kutembea na sugu kwenye unyayo haisahau. Kwa macho ni kitu cha kupuuza tu, kipande cha ngozi ngumu chenye rangi ya manjano. Kanyaga kokoto nayo, utajua kwamba ndani kuna kiini. Waganga wa kale wa India waliita ugonjwa huu kadara, na walipotaka kuueleza walichagua tunda ambalo mtu wa Pwani hahitaji kuonyeshwa: kunazi. Kwa maelezo yao, kadara ni fundo gumu la ukubwa wa kunazi, limebonyea katikati au limeinuka, linauma, na ndani yake mna kitu kama msumari.

Maelezo hayo yamo katika Sushruta Samhita, kitabu cha upasuaji kilicho miongoni mwa nguzo za Ayurveda, tiba ya jadi ya India. Mapokeo yanamweka Sushruta, anayesemwa kuwa mtunzi wake, katika mji wa Kashi, ndio Varanasi ya leo. Aliishi lini hasa, wanazuoni wanabishana mpaka leo, na kitabu chenyewe kimepita mikono mingi. Katika karne ya 8 kilikwisha kufika Baghdad, ambako Yahya bin Khalid, waziri wa Harun al-Rashid, alimtaka tabibu wa Kihindi aitwaye Manka akifasiri. Nakala moja iliyoandikwa mwaka 878 juu ya majani makavu ya mti wa jamii ya mvumo imehifadhiwa Kathmandu, Nepal. UNESCO iliitia katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2013.

Sugu imewekwa katika sura ya magonjwa madogo, pamoja na chunusi, mvi, upara na miguu iliyopasuka. Udogo wenyewe ni wa jina, maana tiba yake si ndogo. Chanzo, kinasema kitabu, ni mguu uliosagwa na changarawe au kuchomwa na miiba. Bila shaka hao walikuwa watu wa kwenda peku. Sisi sugu zetu tunazinunua dukani, ndani ya kiatu kilichobana vidole.

Na dawa? Hapa wengi watashangaa, kwa kuwa Ayurveda tumezoea kuisikia ikitajwa na majani, mizizi na mafuta ya kupaka. Sushruta anaagiza kisu. Sugu ichimbuliwe yote, kisha palipobaki shimo paunguzwe kwa mafuta ya moto.

Moto una sura yake kitabuni, ya 12, na matibabu yake huitwa agnikarma, yaani kazi ya moto. Sura inayotangulia inasifu magadi makali yaliyotengenezwa kwa majivu ya mimea. Hii ya 12 inaupandisha moto juu ya magadi hayo, kwa hoja kwamba ugonjwa uliochomwa haurudi. Vifaa vyake vinachekesha na kutisha kwa pamoja: pilipili ndefu, mavi makavu ya mbuzi, jino la ng'ombe, mshale, vijiti vya chuma, hata asali na sukari guru iliyochemka. Kabla ya kuchomwa, mgonjwa hulishwa chakula chenye utelezi. Majira ya joto kali na yale yanayofuata mvua huepukwa, ila kwa dharura.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi kitabu kinavyopima kuungua. Kuna daraja nne, kuanzia ngozi iliyobadilika rangi tu hadi nyama iliyoharibika kabisa. Daktari anatafuta ile ya tatu: jeraha lisiloingia ndani sana, lenye rangi ya tunda la mvumo lililoiva. Akishalipata, anapaka asali na samli. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha.

Kazi hiyo haijafa. Katika kliniki za Ayurveda nchini India sugu bado huchomwa, siku hizi kwa kijiti cha mchanganyiko wa metali tano, shaba na chuma zikiwemo. Ncha hupashwa moto hadi iwe nyekundu, ikaguswa juu ya sugu, kisha pakapakwa utomvu wa mshubiri. Kwa hiyo ukiuziwa manjano, limau au mafuta ya nyonyo kama "siri ya kale ya Ayurveda ya kumaliza sugu", ujue si hayo yaliyoagizwa na Sushruta. Mafuta hulainisha ngozi, na hilo ni jema, lakini kiini hayakigusi.

Hata hivyo ile hoja ya ugonjwa kutorudi siikubali moja kwa moja. Sugu ni ngozi inayojikinga na msuguano na mgandamizo. Ukiichoma, au ukiilainisha kwa plasta ya asidi ya salisiliki ya duka la dawa, halafu ukarudia kiatu kilekile, mguu utaiotesha tena. Fundi viatu anayejua kupanua ngozi ya kiatu ana nafasi yake katika tiba hii.

Mwenye kisukari, au mwenye ganzi miguuni, asiguse kabisa: asikate kwa wembe, asichome, asibandike plasta ya asidi. Kidonda kidogo asichokisikia kinaweza kumgharimu mguu. Aende kituo cha afya, avue kiatu, auonyeshe unyayo.