Kocha mgeni ao mtoto wa nyumbani?

Timu ya Bukavu ikibadilisha kocha, iwe Dawa ao Muungano, wapenzi wa mupira hapa Nyalukemba wanarudilia swali moja: aletwe mgeni ao mtoto wa nyumbani? Ni ubishi wa zamani. Vikombe vyetu viwili vya Afrika tulivipata na makocha wageni: Csanádi wa Hungaria mwaka 1968, Vidinić wa Yugoslavia mwaka 1974.

Vidinić ndiye wazee wanabishania mpaka leo. Tarehe 18 Juni 1974, kwenye Kombe la Dunia, Zaire ilikutana na Yugoslavia, nchi yake mwenyewe. Tulipokwisha kufungwa 3, alimtoa kipa Kazadi, akamwingiza Tubilandu. Tukafungwa 9-0. Wengi wakamshuku kocha: si anacheza na ndugu zake?

Lakini wachezaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba feza walizoahidiwa hazikuwafikia, na karibu wagome. Kwangu mimi, jambo hilo ni zito kuliko pasipoti ya kocha. Awe wa Belgrade ao wa Kadutu, atawaambia nini watu ambao feza yao imeliwa?

Siku 4 baadaye Kazadi alirudi golini. Brazil ilitufunga 3 tu.