Mifugo: benki ya wazee wetu kabla ya vita

Siku hizi tukitaja mifugo kwenye habari, mara nyingi ni ng'ombe walioibwa. Leo tuulize: zamani wanyama hawa walitusaidia nini?

Hapa teritware ya Uvira, ardhi ndiyo iliamua nani afuge nini. Kando ya ziwa watu waliishi kwa ndagala, mihogo na mawese, na nyumbani wakafuga mbuzi na kuku. Bonde la Ruzizi lina majani, lakini joto lake linaleta kupe, na kupe wanaleta ndigana. Milimani, kama Bijombo, ni baridi, ng'ombe wanapona. Kwa hiyo wakati wa kiangazi wafugaji wa bonde walipandisha ng'ombe, na wengine wa milimani waliteremka upande wa Fizi. Huko mfugaji alimtolea chifu itulo, kama ruhusa ya malisho. Ugomvi ulikuwepo, lakini na njia ya kuongea ilikuwepo.

Ng'ombe hakuchinjwa ovyo. Alitoa maziwa, samli, ngozi ya kulalia na samadi ya shamba la maharagwe. Alikuwa mahari, yaani alifunga undugu kati ya jamaa mbili. Mbuzi alikuwa pesa ya haraka: mtoto akifukuzwa shule, mama akilazwa, mbuzi mmoja aliuzwa sokoni. Kuku alikuwa heshima ya mgeni.

Hasara kubwa si jambo jipya. Miaka ya 1890 sotoka iliua sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu, na njaa ikafuata. Ugonjwa huo ulitangazwa kuisha duniani mwaka 2011 tu. Lakini sotoka haikuchagua kabila. Vita vilivyoanza 1996 vimepora ng'ombe wa huyu na mbuzi wa yule, na kila upande unahesabu wa kwake tu.

Familia iliyopoteza ng'ombe kumi haikupoteza nyama. Imepoteza mahari ya kijana, minervale ya watoto na dawa ya mzee. Unga na turubai vinasaidia, lakini havirudishi hayo.

Basi wazazi mulio kambini, andikeni kwenye daftari: wanyama wangapi, rangi gani, alama gani, walipotea wapi. Siku ya kuongea ikifika, daftari hilo litakuwa na kazi.